Bibi Harusi Atapiga Kura Wapi? Habari za Usambara na Haki ya Kuchagua



 Leo sina habari za hina wala za kufunga mtandio. Nina habari ya safari, na swali moja nililoulizwa jikoni ambalo mpaka leo linanizunguka kichwani.

Tulikwenda kumsindikiza mdogo wetu, mtoto wa mama mdogo, aliyeolewa Lushoto. Tulivuka kwa boti mpaka Dar es Salaam, tukapanda basi, tukateremka Mombo. Kutoka hapo gari inaanza kupanda mlima, kona baada ya kona, bonde upande mmoja na jabali upande wa pili, mpaka unapita maporomoko ya maji ya Soni na masikio yameziba. Sisi wa Unguja tuliojaza masanduku kwa madira mepesi tulitetemeka kweli kweli. Mashallah, nchi ni ya kijani, na watu wake ni wakarimu.

Siku ya pili baada ya nikahi, wanawake tulikuwa jikoni tunamenya viazi. Bibi yake bwana harusi, mtu mzima sana, alikuwa amekaa kwenye kigoda karibu na moto. Akauliza, "Na huyu mwali wetu, kura yake ataipiga wapi?"

Tulicheka. Yeye hakucheka. Akasema, "Chekeni, wajukuu zangu. Mimi nilipoolewa, hakuna aliyenambia kuwa nina kitu kama hicho cha kuhama nacho."

Niliporudi nyumbani nikaanza kusoma. Nikaona kuwa milima ile ina historia ndefu juu ya jambo moja: nani anahesabiwa kuwa wa hapa, na kwa hiyo nani ana haki ya kusema atawaliwe na nani.

Mgeni aliyekubaliwa

Wasambaa wanasimulia kuwa ufalme wao ulianza na mgeni. Jina lake Mbegha, muwindaji kutoka Nguu. Alizaliwa kigego, yaani meno ya juu yalitangulia kuota, na zama hizo mtoto wa namna hiyo alidhaniwa kuwa ni mkosi. Jamaa zake wakamnyima urithi na akaondoka. Alipofika Usambara aliwapa watu nyama, akaua simba, na watu wa Vugha wakamuoza mke na wakamfanya mkubwa wao. Kizazi chake ndicho kilichoitwa Wakilindi, na habari zao ziliandikwa kwa Kiswahili na Abdallah bin Hemedi, mtu aliyewahi kukaa nao na kuwatumikia, katika kitabu chake Habari za Wakilindi.

Iwe kila sehemu ya kisa hiki ilitokea hivyo au la, angalieni Wasambaa walichochagua kukumbuka. Mtu aliyekataliwa kwa namna alivyozaliwa, kwao alikubaliwa kwa alichowafanyia. Na walikuwa na kipimo cha mtawala, maneno mawili ya Kisambaa: kuzifya shi, kuitengeneza nchi, na kubana shi, kuiharibu. Mvua ikinyesha na watoto wakishiba, mtawala anaizifya nchi. Njaa ikiingia, watu wanaanza kunong'ona. Haikuwa kura, lakini ilikuwa hukumu ya watu.

Kasoro yake ni kuwa waliokuja baada ya Mbegha hawakukubaliwa kwa walichofanya. Walitawala kwa kuzaliwa. Mkilindi alikuwa Mkilindi, na mkulima alikuwa mkulima. Mfalme mkubwa kuliko wote, Kimweri ye Nyumbai, ambaye mmisionari Krapf alimkuta Vugha mwaka 1848, alifariki mwaka 1862. Hapo wana wa ukoo mmoja wakaanza kupigana wao kwa wao. Wasambaa wana neno la hali hiyo: nguvu kwa nguvu. Watawala wawili wanavutana, na nchi ndiyo inayochanika.

Na hapa, dada zangu, kisa kinavuka bahari na kutufikia. Katika vita vile watu walitekwa, wengi wao wanawake na watoto, wakateremshwa mpaka Pangani na pwani nyengine wakauzwa. Wapo waliovushwa mpaka mashamba ya visiwani. Kwa hiyo tukiuliza nani ni wa huku na nani ni wa kule, tuulize kwa adabu. Huenda bibi wa bibi yako aliteremka mlima ule ule tuliopanda sisi na masanduku ya harusi.

Jembe halina kura

Wajerumani walipokuja waliuita mji wa Lushoto kwa jina lao, Wilhelmstal. Mwaka 1895 walimnyonga Mputa, mtawala wa Vugha, na kuanzia hapo ilikuwa wazi kuwa mwenye neno la mwisho hatoki Usambara. Waingereza waliofuata waliwaacha machifu kwenye viti vyao, lakini chifu sasa alikuwa akiwajibu wakubwa serikalini kabla ya kuwajibu watu wake.

Hilo lilionekana wazi kwenye habari ya matuta. Kuanzia mwaka 1946, kwanza kule Mlalo kisha kwengine milimani, serikali iliamrisha wakulima wachimbe matuta kwenye miteremko ili udongo usichukuliwe na mvua. Kuhifadhi udongo si jambo baya. Ubaya ulikuwa kwamba hawakuulizwa. Kazi ilikuwa nzito, ilikula siku za kulima chakula, na asiyechimba alishtakiwa. Na mlima ule, kama shamba lolote tunalolijua, chakula cha nyumbani kilikuwa mikononi mwa wanawake. Bibi wa jikoni anayakumbuka matuta mpaka leo. Alinionesha viganja vyake kana kwamba malengelenge bado yapo.

Watu wakagoma, na TANU, iliyoundwa Julai 1954, ikapata masikio milimani. Mwishoni mwa miaka ya 1950 serikali ikaachana na kulazimisha matuta. Watu wasio na kura walikuwa wamesema hapana, na wamesikika, kwa sababu walisema pamoja. Huo ndio upande mzuri wa jamii. Mtu mmoja akikataa kuchimba anapelekwa mahakamani, lakini bonde zima likikataa, serikali inakaa kufikiri.

Kura tatu

Uchaguzi wa mwanzo wa Tanganyika ulifanyika kwa awamu mbili, Septemba 1958 na Februari 1959. Watu waliuita kura tatu, kwa sababu kila mpiga kura alilazimika kumchagua Mwafrika mmoja, Muasia mmoja na Mzungu mmoja. Waafrika walikuwa wengi kupindukia, lakini viti viligawiwa sawa kwa rangi. Na si kila mtu aliruhusiwa. Ilibidi uwe na umri wa miaka 21, na juu ya hapo uwe na elimu ya darasa la nane, au kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au cheo kinachotambuliwa.

Sheria ile haikuandika popote kuwa mwanamke mkulima wa Lushoto asipige kura. Haikuwa na haja. Mwaka ule, mwanamke gani wa kijijini alikuwa na darasa la nane au pauni 150? Hiyo ndiyo njia ya kumfungia mtu mlango bila kumtaja jina.

Januari 1958 TANU walikutana Tabora wakabishana kama waukubali uchaguzi wa namna hiyo au wauache. Wakaamua kuingia, na wagombea waliowaunga mkono wakashinda. Palikuwa pia na chama kilichotaka siasa ifuate dini: AMNUT, kilichoanzishwa mwaka 1957 kwa jina la Waislamu, na baadaye kikataka uhuru ucheleweshwe mpaka Waislamu wapate elimu zaidi. Malalamiko juu ya elimu yalikuwa na msingi. Lakini Waislamu wengi hawakukifuata. Walikuwa tayari ndani ya TANU, na walitaka uhuru pamoja na jirani zao.

Mmoja wao ni Bibi Titi Mohamed, Muislamu wa Dar es Salaam, muimbaji wa ngoma, aliyesoma skuli miaka michache tu. Alikwenda kwa wanawake kupitia vikundi vyao vya ngoma, lelemama na nyenginezo, akawaingiza TANU kwa maelfu. Hawakuwa na ofisi wala magazeti. Walikuwa na mtandao ule ule tunaoutumia sisi kwenye harusi: shoga anamwambia shoga, na kesho uwanja umejaa. Na wengi wa wanawake hao, uchaguzi ulipofika, hawakutimiza masharti ya kupiga kura.

Masharti yalilegezwa mwaka 1960, kisha yakaondoka. Utawala wa machifu, wa Wakilindi pamoja na wengine, ukafutwa kisheria mwaka 1963.

Na sisi visiwani

Tusiwaonee huruma wa bara tukajisahau. Uchaguzi wa mwanzo wa Zanzibar, Julai 1957, ulikuwa wa wanaume peke yao. Wanawake walipiga kura kwa mara ya kwanza Januari 1961. Miezi michache baadaye, uchaguzi wa Juni uliandamana na fujo zilizoua watu 68.

Wazee wetu wanaziita zama zile zama za siasa, na wakizitaja wanashusha sauti. Watu waligomeana maduka. Waligomeana maziko. Baada ya vyama vingi kurudi mwaka 1992 tuliyaona tena, khasa Pemba: harusi zisizohudhuriwa, ndoa zilizovunjika kwa sababu ya chama. Tarehe 31 Julai 2010 Wazanzibari walipiga kura ya maoni na asilimia 66.4 wakakubali serikali ya umoja wa kitaifa, kwa sababu watu walikuwa wamechoka. Nguvu kwa nguvu ilikuwa imeingia mpaka chumbani.

Basi mimi nimeelewa hivi. Jamii yako ndiyo inayokufundisha kuwa una sauti, na ndiyo inayokupa wenzako wa kusema nao. Bila ya hiyo, wakulima wa Mlalo wasingesikika na Bibi Titi asingepata pa kuanzia. Lakini siku jamii inapoanza kuuliza "huyu ni wa nani?" kabla ya kukubali kura ya mtu, imekuwa kama wale jamaa wa Mbegha, wanaomnyima mtu haki yake kwa sababu ya meno aliyozaliwa nayo. Ukoo, rangi, dini na kisiwa vinaweza kumleta mtu kituoni. Haviwezi kuwa mizani ya kura yake.

Na dini yetu haikumuacha mwanamke nje. Kwenye bay'a ya pili ya Aqaba walikuwepo wanawake wawili, Nusayba bint Ka'b na Asma bint Amr. Surat Al-Mumtahanah inataja bay'a ya wanawake wenyewe, si ya waume zao kwa niaba yao. Hata nikahi haisimami mpaka bibi harusi atakwe idhini. Wanazuoni wanatufundisha kuwa mwali akinyamaza kwa haya, kimya chake ni idhini. Lakini hilo ni la nikahi, wapenzi. Kwenye kura, ukinyamaza, hakuna anayekuhesabu.

Kwa bibi harusi

Narudi kwenye swali la jikoni. Mwanamke anapoolewa mara nyingi yeye ndiye anayehama. Tunahamisha vyombo, nguo, hata dawa za pumu. Jina kwenye daftari la wapiga kura linabaki kwa baba. Siku ya uchaguzi inafika, huko kwa wazee ni mbali, na huku alipo hayumo. Visiwani kwetu mambo yamekuwa mazito zaidi, maana kwa chaguzi nyingi zilizopita sheria ilitaka uwe umeishi jimboni miezi 36 mfululizo. Hakuna aliyekukataza. Umepotea njiani tu, baina ya nyumba mbili.

Kwa hiyo kwenye ile orodha yako ya harusi, chini ya mikoba na viatu, ongeza mstari mmoja: kuulizia daftari la wapiga kura linaboreshwa lini, na kuhamisha taarifa zako mpaka unapoishi. Na mamamkwe wanaosoma hapa, mkaribisheni mkweo kwa chai, lakini mkaribisheni na kwenye mkutano wa kijiji. Akichagua tofauti na nyinyi, mpakulieni wali kama jana.

Nilimjibu bibi yule kabla hatujaondoka. Nilimwambia, "Bibi, atapiga hapa hapa, inshallah, nanyi."

Akamtazama mwali, akamkabidhi kisu cha kumenyea viazi, akasema, "Basi ameshakuwa wa hapa."

Allah awajaalie ndoa zenye mawadda na rahma, na nchi zenye amani. Amin.