Urani ya Kongo na Maji ya Bahari

Bahari iko mbali nasi, na maji ya milima yetu hayana chumvi. Lakini habari ya leo inaanzia katika udongo wa Kongo.

Mwaka 1915 urani ilionekana Shinkolobwe, Katanga. Kampuni ya Wabelgiji, Union Minière, iliichimbisha kwa mikono ya Wakongo. Mwaka 1940 mkubwa wake, Edgar Sengier, alipeleka zaidi ya tani 1,000 New York. Sehemu kubwa ya urani ya bomu lililoteketeza Hiroshima, tarehe 6 Agosti 1945, ilitoka kwetu. Ilikuwa siri, wachimbaji hawakuambiwa neno.

Nguvu ileile, ikifungwa ndani ya kinu, hutoa joto la kuchemsha maji ya bahari. Mvuke unapanda, chumvi inabaki, mvuke ukipoa unakuwa maji ya kunywa. Aktau, mji wa jangwani huko Kazakhstan, kando ya bahari ya Kaspi, ulipata maji na umeme kwa kinu cha namna hiyo toka 1973 mpaka 1999.

Kinshasa nayo ilipata kinu mwaka 1959, cha kwanza katika Afrika, lakini cha masomo tu.

Vikundi vya wasikilizaji vizungumze hili: tunapogombania shimo, Mhunde, Mnyanga, Mhutu, Mtutsi, nani kati yetu ameuliza gunia la madini linakwenda kufanya kazi gani?