Transfoma, Sheria na Lugha: Historia Fupi ya Umeme katika Eneo la Vuhovi na Butembo

1.0 Utangulizi

Kanuni za kuweka transfoma katika majengo huhesabiwa kuwa jambo la mafundi peke yao. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba huko Vuhovi, makao makuu ya utemi wa Bashu, na katika miji jirani ya Butembo na Beni, kanuni hizo ni suala la historia na pia ni suala la lugha.

2.0 Umeme Usiofika

Transfoma inayofaa kwa matumizi ya kawaida ilikamilishwa Budapest mwaka 1885 na Zipernowsky, Bláthy na Déri. Kazi yake ni kupandisha volti ili umeme usafiri mbali bila kupotea sana, kisha kuishusha kabla haujaingia nyumbani. Pasipo njia ndefu ya umeme, chombo hiki hakina kazi.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa Butembo. Shirika la SNEL liliundwa mwaka 1970, na juhudi zake kubwa zilielekezwa Inga. Mwaka 1982 njia ya Inga–Shaba, yenye urefu wa takriban kilometa 1,700, ilianza kazi. Njia hiyo hupitisha mkondo mnyoofu, usiobadilisha mwelekeo, ambao hauwezi kushushwa kwa transfoma ya kawaida. Kwa hiyo vijiji vingi vilivyo chini ya nyaya vilibaki gizani. Upande wa mashariki, umeme wa Ruzizi ulifika Bukavu na Goma, haukufika Butembo. Wafanyabiashara wake walitegemea jenereta. Jenereta ya dukani hutoa volti zilezile zitumiwazo na taa. Hivyo mji ulikua bila kuzoea nidhamu inayodaiwa na transfoma.

3.0 Kanuni na Sababu Zake

Transfoma nyingi hupozwa kwa mafuta, na mafuta huwaka. Kanuni ya taifa ya Marekani, iliyotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1897, hudai kwamba chumba maalumu cha transfoma kiwe na kuta za kuhimili moto kwa saa 3, isipokuwa kama kuna mitambo ya kuzima moto. Mlango hufunguka kwa nje ili aliye ndani asinaswe. Kizingiti huzuia mafuta yasitiririke. Mabomba yasiyohusika na umeme hayaruhusiwi kupita humo.

Milima nayo ina sharti lake. Viwango vya kimataifa hukadiria transfoma kwa mwinuko usiozidi mita 1,000. Juu ya hapo hewa ni nyepesi, haipozi vizuri wala haizuii umeme ipasavyo. Kwa transfoma inayopozwa na hewa bila feni, kiwango cha kupanda kwa joto hupunguzwa digrii 1 kwa kila mita 400 zinazozidi. Butembo iko zaidi ya mita 1,700. Kwa hiyo transfoma inayofaa pwani haifai huko bila kukadiriwa upya.

4.0 Sheria na Lugha

Mwaka 2013 kituo kidogo cha Mutwanga, chini ya Ruwenzori, kilianza kutoa umeme katika eneo la Beni. Sheria Na. 14/011 ya tarehe 17 Juni 2014 ikafungua sekta hiyo kwa wawekezaji binafsi. Umeme wa njia ndefu ukaja, na transfoma pamoja nao.

Hapa ndipo lugha inapohusika. Katiba ya mwaka 2006, ibara ya 142, inaitaka serikali isambaze sheria kwa Kifaransa na kwa kila lugha ya taifa, Kiswahili kikiwamo, katika siku 60 tangu kutiwa saini. Sharti hilo lina uzito wa pekee kwa umeme: mlinzi wa chumba cha transfoma asiyeelewa kwa nini kizingiti kipo, atakibomoa ili apitishe mkokoteni.

5.0 Hitimisho

Ni dhahiri kwamba usalama hauji pamoja na waya. Huja pale kanuni inapoeleweka na yule anayeishi karibu nayo. Kwa hiyo istilahi za umeme zinastahili kuwa kazi ya idara za Kiswahili, na si za uhandisi peke yake.