Katoni za Nyawita na Lori la Vugiri

Mabango yamekwisha kung'olewa. Ukutani zimebaki alama za gundi mahali alipokuwa Arnold Schwarzenegger na bunduki yake, na juu ya kaunta zimepangwa katoni sita za diski na kanda, zimefungwa kwa kamba ya katani kama mizigo ya mtoto anayekwenda shule ya bweni. "Mwisho wa mwezi natoka," anasema mwenye duka. "Mtu wa vyuma chakavu atachukua kompyuta. Hizi katoni nimemwonyesha, amekataa."

Hapa ni Nyawita, mtaa wa vyumba vya kupanga kando ya Chuo Kikuu cha Maseno. Kwa miaka mingi wanafunzi walileta flashi kwenye dirisha hili, wakasoma orodha iliyobandikwa mlangoni, wakajaziwa filamu na kulipa kwa idadi. Kabla ya flashi walinunua diski zilizochomwa, jina la filamu likiwa limeandikwa kwa kalamu ya wino mzito. Sasa wananunua bando na kutazama kwenye simu, wamelala kitandani. Dirisha halina mteja.

Kilichonileta ni tarehe. Kila Oktoba 27 dunia huadhimisha Siku ya Urithi wa Sauti na Picha, kwa kukumbuka Oktoba 27, 1980, ambapo mkutano mkuu wa UNESCO mjini Belgrade ulipitisha pendekezo la kulinda na kuhifadhi picha zinazotembea. Nilikusudia kuandika mistari michache tu. Katoni zile zilinishika. Je, kuna haja gani ya kuweka filamu inayoshikika mkononi wakati kila kitu kinapatikana mtandaoni?

Swali hilo nililipeleka kwa mwalimu mstaafu wa historia anayeishi ng'ambo ya barabara ya Busia, ambaye majirani wanamwita japuonj, yaani mwalimu kwa Kidholuo, hadi leo. Aliniomba nisimtaje jina. Hakunijibu papo hapo. Aliingia ndani, akatoka na nakala ya kivuli ya kitabu, kurasa zimeunganishwa kwa uzi. Kilikuwa The African and the Cinema, ripoti ya L. A. Notcutt na G. C. Latham iliyochapishwa mwaka 1937. "Soma hii kwanza," alisema. "Ukimaliza ndiyo uje uniulize habari za kuhifadhi."

Nimeisoma, na tangu hapo sijaweza kuitazama diski kwa jicho lile la zamani.

Mwaka 1926 Notcutt alikuwa meneja wa mashamba ya mkonge hapa Afrika Mashariki, akawaza kwamba sinema ingewafanya vibarua waridhike na kutulia shambani. Wazo lilikaa karibu miaka kumi. Kisha J. Merle Davis wa Baraza la Kimataifa la Wamisionari, aliyekuwa ametoka kuchunguza maisha ya wachimba shaba wa Rhodesia ya Kaskazini, akapata fedha kutoka Shirika la Carnegie la New York. Latham, aliyewahi kuongoza elimu ya Waafrika huko Rhodesia ya Kaskazini, akajiunga nao. Mwaka 1935 wakapiga kambi Vugiri, katika milima ya Usambara, Tanganyika. Mradi ukaitwa Bantu Educational Kinema Experiment.

Kwa muda wa takriban miaka miwili walitengeneza filamu 35. Nyingi zilihusu kilimo, ngozi, kahawa, minyoo, malaria ya watoto, kodi. Moja ya zile za mwanzo ilikuwa ya benki ya akiba ya posta: kibarua mmoja anafukia mshahara wake ardhini, mwizi anaufukua, mwenzake anapeleka wake posta na unabaki salama. Kulikuwa na ngano ya sungura na chui. Walioigiza walikuwa wenyeji, na kamera iliingia katika mashamba yao na vibanda vyao.

Halafu lori. Kati ya Septemba 1935 na Februari 1936 lilizunguka Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini, likitembea kilomita zaidi ya 14,000. Lilibeba jenereta, projekta na pazia. Lilifanya maonyesho 95 mbele ya watu wapatao 80,000, aghalabu uwanjani, usiku, watu wakiwa wameketi chini. Mtu aliyezaliwa na kukulia kwenye mwanga wa koroboi aliona kwa mara ya kwanza mkono wa mwenzake ukisogea juu ya kitambaa cheupe, mkubwa kuliko mlango wa nyumba yake.

Jambo ambalo japuonj alilipigia mstari kwa kalamu nyekundu ni la sauti. Filamu za Vugiri hazikuwa na sauti ndani yake. Maelezo, kwa Kiswahili na lugha nyingine za Afrika Mashariki na Kati, yalirekodiwa kwenye sahani za santuri zilizopigwa pembeni wakati picha inapita. Picha ilikuwa na mkebe wake, sauti na bahasha yake. Sahani ikivunjika, watu walio kwenye picha wanafumbua midomo bila neno.

Mwaka 1937 mradi ukafa. Notcutt na Latham walitaka kazi iendelee na iwe ya kudumu, lakini serikali za makoloni zikakataa kubeba gharama. Japuonj analisimulia hili kana kwamba lilitokea wiki iliyopita. "Pesa ya reli ilikuwepo. Pesa ya jela ilikuwepo," alisema, akigonga kitabu kwa kidole. "Ya kuweka picha za watu hawa, hakuna hata senti." Sikubaliani naye kwa kila kitu. Filamu zenyewe zilitutazama kama wanafunzi wa darasa la kwanza, na aliyeshika chaki hakuwa mmoja wetu. Lakini namwelewa. Ndani ya mafunzo yale ya kudharau walikuwamo watu wa kweli: namna walivyoshika jembe, walivyojifunga kanga, walivyocheka mbele ya kamera wasiyoijua.

Kati ya filamu zile 35, tatu ndizo zinazojulikana kubaki. Ziko London, katika hazina ya Taasisi ya Filamu ya Uingereza: moja ya mafunzo ya mifugo, moja ya minyoo, moja ya mashamba ya Kingolwira, karibu na Morogoro. Sijaona popote amri ya kuharibu zile nyingine 32. Nadhani hakukuwa na mtu ambaye kazi yake ilikuwa kuzitunza, basi.

Baada ya hapo historia inajulikana. Kitengo cha Filamu cha Makoloni kilianzishwa London mwaka 1939 na kufungwa mwaka 1955. Uhuru ulipokuja magari ya sinema ya serikali yaliendelea kuzunguka vijijini, na wazee wa Maseno wanayakumbuka kwa mlio wa jenereta. Kisumu mjini palikuwa na kumbi za sinema, Tivoli ikiwa mojawapo. Halafu zikaja deki, vibanda vya video, na sauti ya DJ Afro ikituhadithia filamu za kigeni kwa Kiswahili cha mtaani.

Lakini anayetaka kujua kwa nini nakala yenye jina na tarehe ina thamani, ateremke Kisumu. Oktoba 25, 1969, Rais Mzee Jomo Kenyatta alikwenda kufungua hospitali iliyojengwa kwa msaada wa Wasovieti, ile ambayo wenyeji wanaiita Russia hadi leo ingawa jina lake rasmi sasa ni la Jaramogi Oginga Odinga. Waziri Tom Mboya alikuwa ameuawa Julai 5 mwaka huo huo na vidonda vilikuwa vibichi. Rais na Jaramogi, kiongozi wa upinzani, wakatupiana maneno hadharani, umati ukapaza sauti, polisi wakafyatua risasi. Serikali ilitaja waliokufa kuwa 11. Watu wa Kisumu hawajawahi kuikubali hesabu hiyo. Siku chache baadaye chama cha Jaramogi, KPU, kilipigwa marufuku na yeye akawekwa kizuizini.

Vipande vya hotuba ya Kenyatta ya siku ile vinazunguka mtandaoni. Vijana wanavirushiana kila msimu wa uchaguzi. Lakini kipande cha mtandaoni hakikuambii nani alishika kamera, nini kilikuja kabla, nini kilikatwa baada. Aliyekipakia ndiye anayeamua kianzie wapi. Kwa jambo zito kama hili, ambalo familia za Nyanza zimelibeba zaidi ya nusu karne, mwananchi anastahili kujua rili ya mwanzo iko kabati gani, na aweze kuomba ionyeshwe tangu inchi ya kwanza hadi ya mwisho.

Kuhusu huduma za mtandaoni, nina la kwangu. Kuna kampuni moja niliyoilipa ninunue filamu, na neno lililoandikwa kwenye kitufe lilikuwa "nunua". Miezi kadhaa baadaye filamu haikuwepo, na barua niliyopata ilisema muda wa haki umekwisha. Pesa ilikuwa yangu, filamu ilikuwa yao. Hata walio wakubwa kabisa huondoa vya kwao wenyewe: Mei 2023 Disney iliitoa tamthilia yake Willow kwenye huduma yake, kabla haijatimiza mwaka. Netflix, iliyoanza mwaka 1998 kwa kutuma DVD kwa posta, ilisimamisha kazi hiyo Septemba 29, 2023. Wakenya tuliwahi kupewa mpango wake wa bure kwa simu za Android tangu Septemba 2021; Novemba 2023 ukafungwa. Wanachokitoa, wanaweza kukirudisha ndani siku yoyote.

Nisizipambe diski na kanda, nazo hufa. Filamu za asetati huanza kunuka siki zinapooza. Kanda za video hushikwa na ukungu, na Maseno, yenye mvua za alasiri karibu mwaka mzima, ni mahali pabaya kwa ukungu. Nilifungua kanda moja ya VHS pale dukani: ukingo wa utepe ulikuwa na unga mweupe, kama mahindi yaliyokosa jua. Diski iliyochomwa kwa kompyuta ni dhaifu kuliko ile ya kiwandani, kwa sababu data yake imekaa kwenye rangi inayofifia. Mwaka 2019 UNESCO na chama cha kimataifa cha wahifadhi wa sauti na picha walionya kwamba kufikia 2025 ingekuwa vigumu mno kupata mashine za kuchezea kanda. Kwa hiyo kuhifadhi maana yake ni kazi: kukausha, kunakili, kuandika lebo, kuweka nakala zaidi ya moja mahali tofauti, na kulinda ile ya asili hata baada ya kuinakili.

Wala sitetei uharamia. Sehemu kubwa ya katoni zile ni filamu za Marekani na India zilizonakiliwa bila ruhusa, na mwenye duka mwenyewe haoni haya kulisema. Hizo zina wenyewe, na wenyewe wana maghala. Zikitupwa leo, ulimwengu haupungukiwi.

Kilichonikaa rohoni ni katoni ya tano na ya sita.

Kabla ya biashara ya flashi, kijana huyu mwenye duka alikuwa mpiga video. Ukanda huu mzima unajua kazi hiyo: hakuna matanga ya maana bila mtu wa kamera. Anapiga mwili ukiletwa nyumbani usiku, tero buru (desturi ya Waluo ya kufukuza kifo), kwaya, hotuba za wakwe na wajukuu, mpaka udongo wa mwisho. Amepiga pia harusi, tamasha za drama za shule, na bendi za benga zilizopiga kwenye harambee na hazikuwahi kuingia studio. Vyote viko kwenye kanda ndogo za MiniDV, kila moja ikitoshea kiganjani, na lebo kwa mwandiko wake: jina la marehemu, kijiji, tarehe. Hakuna huduma ya mtandaoni itakayokuja kuzitafuta Nyawita.

Hatua chache kutoka hapo kuna chuo kikuu chenye maktaba na walimu wa historia. Kisumu kuna jumba la makumbusho tangu mwaka 1980. Idara ya Nyaraka za Taifa iliundwa kwa sheria mwaka 1965. Ninawaomba, na ninawaomba kwa moyo wote, mmoja wao atume gari kabla ya mwisho wa mwezi. Katoni mbili zinaenea kwenye kiti cha nyuma.

Nikiwa bado pale aliingia mama mmoja kutoka upande wa Luanda, ameshika mwavuli.

"Kijana wangu, nimesikia unahama. Wewe ndiye ulipiga picha za matanga ya mzee wetu. Diski tuliyokuwa nayo watoto waliikwaruza."

"Mwaka gani, mama?"

"Elfu mbili na kumi na moja. Agosti."

Mwenye duka alikata kamba ya katoni ya sita kwa meno. Kanda ilikuwa ya nne kutoka juu. Kamera ya kuichezea anayo bado, kifuniko chake kimeshikwa na mpira wa kufungia noti. Alibonyeza, akasubiri, na kwenye kioo kidogo kikatokea hema, kisha kwaya, kisha mwanamume mwembamba aliyevaa koti la kaki akisogea kwenye kipaza sauti.

"Huyo ni shemeji," mama alisema. "Naye tulimzika mwaka jana." Aliweka mwavuli chini, akainama mpaka uso wake ukakaribia kioo. "Rudisha nyuma kidogo. Hapo alipokuwa anatembea."

Akarudisha.

"Tena," mama akasema.