Kipokezi cha androjeni

Kipokezi cha androjeni ni protini ya binadamu inayopokea homoni za kiume, yaani testosteroni na dihidrotestosteroni, na kuwasha jeni zinazoongozwa na homoni hizo. Ndiyo shabaha kuu ya dawa za saratani ya tezi dume. Katika milima ya Usambara protini hii ina uhusiano na mti wa Prunus africana, ambao magome yake hutumiwa kama dawa ya matatizo ya mkojo kwa wanaume.

Utendaji

Jeni ya kipokezi hiki iko kwenye kromosomu X, hivyo mwanamume huwa na nakala moja tu, aliyoirithi kwa mama yake. Protini yenyewe ina asidi amino takriban 920. Homoni isipokuwapo, hukaa nje ya kiini cha seli ikiwa imeshikwa na protini nyingine. Homoni ikifika hutoshea ndani yake kama ufunguo katika kufuli. Kipokezi hubadili umbo, huingia ndani ya kiini, na viwili pamoja hushika DNA. Kati ya jeni zinazowashwa imo ile ya PSA, protini inayopimwa katika damu. PSA ikiwa juu haithibitishi saratani, kwani hupanda pia tezi inapovimba kwa umri au kwa maambukizi.

Matibabu

Mwaka 1941 Charles Huggins wa Chicago alionesha kwamba saratani ya tezi dume iliyosambaa hupungua mgonjwa akiondolewa korodani. Alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1966. Upasuaji huo hukinyima kipokezi homoni yake, na kwa kuwa ni wa gharama nafuu bado unafanyika sana Afrika Mashariki. Wanaume wengi huuogopa, jambo linaloeleweka.

Dawa kama bikalutamidi (1995) na enzalutamidi (2012) hufanya kazi kwa njia nyingine: hukaa mahali pa homoni na kuizuia isiingie. Baada ya muda seli za saratani hupata hila. Baadhi huzalisha kipokezi kwa wingi. Nyingine hutengeneza kipokezi kifupi, kiitwacho AR-V7, kisicho na sehemu ya kushika homoni lakini kinachowasha jeni muda wote. Kufuli halina tundu, na mlango uko wazi. Kwa sababu hiyo watafiti wanatafuta dawa zitakazoshika upande mwingine wa protini, au zitakazoifanya seli iivunje kabisa.

Mti wa Usambara

Prunus africana huota katika misitu ya nyanda za juu za Afrika, ikiwemo ya Usambara Magharibi katika eneo la Lushoto. Dondoo la magome yake limeuzwa Ulaya kwa miongo mingi kwa ajili ya uvimbe wa tezi dume usio saratani. Mapitio ya majaribio 18 yaliyochapishwa mwaka 2002 yalikuta nafuu ya kiasi katika kukojoa. Mwaka 2009 watafiti wa Jena, Ujerumani, walieleza kwamba asidi atrariki, iliyopatikana katika magome hayo, huzuia kipokezi cha androjeni na ukuaji wa seli za saratani katika maabara. Matokeo ya maabara si tiba ya mgonjwa, na magome hayo hayajathibitishwa kuponya saratani.

Tofauti hii ni muhimu kuliko inavyoonekana. Uvimbe wa kawaida na saratani vyote vinaweza kuleta mkojo unaokatikakatika na kuamka mara nyingi usiku. Mzee anayekunywa magome akapata nafuu anaweza kuahirisha safari ya kuteremka Mombo kwenda hospitali, huku saratani ikifika kwenye mifupa. Ugonjwa huthibitishwa kwa kuchunguza kipande cha tezi. Matibabu ya saratani yanapatikana KCMC mjini Moshi na katika Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam.

Tangu mwaka 1995 biashara ya kimataifa ya mti huu inadhibitiwa na mkataba wa CITES. Mti ukibanduliwa magome kuuzunguka pande zote kwa kawaida hukauka.