Neno Dawa Katika Milima ya Usambara

Leo nataka tulitazame neno ambalo kila mtu wa Usambara hulitamka kila siku, nalo ni neno dawa.

Zamani za wafalme wa Kilindi neno hili lilikuwa na pande mbili. Kimweri ye Nyumbai, aliyetawala Vugha hata alipofariki mwaka 1862, alisifiwa kuwa na dawa za mvua. Lakini watu walijua ya kuwa mwenye dawa ya kuleta mvua aweza pia kuizuia. Aweza kuiponya nchi, aweza na kuiharibu. Kwa hiyo mtu akitajiwa dawa, alikuwa na haki ya kuogopa kidogo.

Kisha wakaja Wadachi. Mwaka 1902 walianzisha Amani, katika Usambara ya Mashariki, kituo cha uchunguzi wa mimea na kilimo, wakapanda mikwinini, miti ya asili ya Amerika ya Kusini ambayo gome lake hutibu malaria. Gome hili lilikwisha kuponzwa na jina huko Ulaya. Katika karne ya 17 liliitwa unga wa Wajesuiti, na Waprotestanti wengine wakalikataa kwa kuchukia jina hilo, huku homa ikiwatetemesha. Katika vita vya 1914–1918 manowari za Kiingereza zilifunga pwani, basi kwinini ikatengenezwa Amani. Amani ilipotwaliwa, majeshi ya Wadachi yalichemsha gome lenyewe, wakanywa maji yake machungu mno. Wakayaita Lettow-Schnaps, yaani pombe kali ya Lettow, jemadari wao. Jina la mzaha, uchungu haukupungua.

Shule na hospitali zilipoenea, neno dawa lilipoteza upande mmoja. Sisi walimu tuliwaambia watoto ya kuwa dawa ni kitu cha kuponya. Hatukusema uongo, ila hatukumaliza maneno. Ndipo sumu za kuua wadudu zilipofika katika mashamba ya kabichi na nyanya ya Lushoto, nazo zikaitwa dawa. Mkulima hasemi anamwaga sumu. Asema anapiga dawa. Basi huichanganya kwa mkono mtupu, na inayobaki huitia katika chupa ya soda. Nyingi katika sumu hizo huwaua wadudu kwa kuvuruga mishipa ya fahamu, nazo huvuruga ya mtu vilevile: mate humtoka mengi, mboni za macho huwa ndogo, na pumzi humwia ngumu. Tena hupenya katika ngozi, bila ya kunywewa.

Mimi darasani husema sumu ya nyanya. Mara ya kwanza wanafunzi walicheka. Kisha mmoja akauliza, "Mwalimu, kama ni sumu, mbona baba huiweka uvunguni mwa kitanda chetu?"