Betlehemu ya Murang'a

Sisi tunaokaa chini ya Mlima Kenya tumezoea Yesu wa picha za kalenda: mweupe, nywele ndefu, kati ya kondoo wa nchi tusiyoijua. Lakini shukeni kutoka Nyeri mpaka mji wa Murang'a, ambao wakoloni waliuita Fort Hall, mwingie kanisa kuu la Mtakatifu Yakobo. Ukutani mna picha tano kubwa: kuzaliwa kwa Bwana, ubatizo, karamu ya mwisho, Gethsemane na msalaba. Bwana ni Mwafrika, na Betlehemu yake ni nchi ya Wakikuyu.

Alizichora Elimo Njau, Mchaga wa Marangu aliyesoma Makerere, mwishoni mwa miaka ya 1950. Hali ya hatari iliyotangazwa mwaka 1952 ilikuwa haijaondolewa. Kanisa lenyewe ni ukumbusho wa Wakristo Wakikuyu waliouawa wakati wa vita vile kwa kukataa kiapo. Na tusisahau kwamba wengine walifia msituni na vizuizini. Kilio hakikuwa cha upande mmoja.

Vilima hivi vilikuwa mahali pa hofu, jirani akimwogopa jirani. Nani angelitafuta hori la Bwana hapa? Nathanaeli aliuliza vivyo hivyo juu ya Nazareti. Ilitokea mgeni kutoka Kilimanjaro ndiye aliyemlaza mtoto hapa. Na msalaba hakuuacha Yerusalemu. Aliusimamisha papa hapa, na wajane waliokuja kuabudu Jumapili walimwona Bwana akifa kwao.