Mwezi wa siku 40: jinsi mwanafunzi wa Kamenge anavyoweza kupanga fedha za wiki

Katika mitaa ya kaskazini mwa Bujumbura, mwanafunzi wa chuo kikuu huishi kwa kalenda mbili zisizolingana. Fedha zake, ziwe ni za mkopo wa masomo au za wazazi walioko mikoani, huja kwa mwezi, na aghalabu huchelewa. Matumizi yake huja kila siku, na hayachelewi hata siku moja. Kati ya kalenda hizo mbili ndipo wengi hukwama: chakula cha mara tatu kinakuwa cha mara mbili, kisha cha mara moja, na mwishowe kiti darasani kinabaki kitupu.

Makala haya yanaeleza namna ya kuzipatanisha kalenda hizo kwa kutumia kipimo cha wiki. Hesabu zote za faranga zilizomo humu ni za mfano tu. Bei za sokoni hubadilika, ila njia ya kukokotoa haibadiliki.

Mtaa na wanafunzi wake

Kamenge ni mtaa wa tarafa ya Ntahangwa. Sehemu yake kubwa ilibomolewa wakati wa vita vya miaka ya 1990, kisha ikajengwa upya, na leo ni miongoni mwa mitaa ya mji ambamo Kiswahili husikika sambamba na Kirundi. Hapo ndipo ilipo Hospitali ya Chuo Kikuu, ambayo wakazi wengi huiita Roi Khaled, pamoja na Kitivo cha Tiba cha Chuo Kikuu cha Burundi. Wanafunzi wa vitivo vingine wanaoishi mtaani humo huenda kila siku kwenye kampasi nyingine za mji, kama ile ya Mutanga.

Asiyepata nafasi katika mabweni ya chuo hupanga chumba, mara nyingi pamoja na wenzake wawili au watatu. Hulazimika kutoa fedha nyingi mwanzoni, kwa kuwa wenye nyumba wengi hudai dhamana pamoja na kodi ya mwezi wa kwanza. Gharama hiyo haimo katika hesabu ya wiki. Ni gharama ya kuanzia maisha, na yafaa ipangwe peke yake kabla ya masomo kufunguliwa.

Kosa la kugawa kwa nne

Tuseme mwanafunzi ana faranga 200,000 kwa mwezi, na fungu lake la kodi ni faranga 50,000. Kodi hulipwa kwanza, siku ile ile fedha zinapoingia. Zinabaki faranga 150,000.

Wengi hugawa fedha hizo kwa wiki nne na kupata faranga 37,500 kwa wiki. Hesabu hiyo inaonekana nyofu, lakini wiki nne ni siku 28, na mwezi wa kawaida una siku 30 au 31. Siku mbili au tatu za mwisho hubaki bila senti, na ndizo siku ambazo watu hukopa. Anayeanza mwezi akiwa na deni hawezi tena kuutegemea mpango wake.

Njia iliyo salama ni kugawa kwa siku, kisha kuzidisha kwa saba. Faranga 150,000 zikigawanywa kwa siku 30 ni faranga 5,000 kwa siku, yaani faranga 35,000 kwa wiki. Hata hivyo, hesabu hiyo nayo inadhani kwamba fedha za mwezi ujao zitafika kwa wakati. Mwenye uzoefu wa maisha ya Bujumbura hugawa kwa siku 40: faranga 3,750 kwa siku, au faranga 26,250 kwa wiki.

Mwezi huo wa siku 40 unabana, lakini una faida mbili. Fedha zikichelewa siku kumi, sufuria haizimi. Zikija kwa wakati, kuna faranga 37,500 ambazo hazijaguswa. Miezi minne ya bahati kama hiyo huleta faranga 150,000, yaani matumizi kamili ya mwezi mmoja bila kodi. Kuanzia hapo mwanafunzi haishi tena kwa fedha anazozisubiri, bali kwa zile alizo nazo mkononi.

Kupima kwa kilo kabla ya faranga

Katika nchi ambamo bei hupanda kwa kasi, mpango ulioandikwa kwa faranga peke yake huzeeka upesi. Mwaka 2023 wastani wa mfumuko wa bei nchini Burundi ulikuwa karibu asilimia 27. Kwa lugha nyepesi, kapu lililogharimu faranga 10,000 mwaka uliotangulia lilihitaji takriban faranga 12,700. Hivyo daftari la matumizi lianze na kiasi cha chakula, ndipo bei ya wiki hiyo iandikwe pembeni.

Chukua chumba cha wanafunzi wanne wanaopika pamoja. Kwa makadirio, kila mmoja huhitaji gramu 300 za unga au mchele kwa siku, na gramu 150 za maharage makavu. Kwa wiki nzima, chumba kinahitaji kilo 8.4 za unga au mchele na kilo 4.2 za maharage. Viwango hivyo ndio msingi. Juu yake huongezwa mafuta ya mawese, chumvi, vitunguu, lengalenga au sombe, na ndagala wakavu kila uwezo unaporuhusu.

Maharage yasipunguzwe kwa wepesi. Unga wa muhogo hushibisha na mara nyingi bei yake ni nafuu, lakini una protini kidogo mno. Maharage na ndagala ndivyo vinavyoziba pengo hilo kwa gharama ambayo nyama haiwezi kushindana nayo. Anayebaki na ugali na mboga pekee kwa wiki kadhaa ataokoa faranga, lakini mwili na masomo vitalipa.

Siku ya kununua iwe moja, na anayekwenda sokoni awe na orodha. Mbali na soko la Kamenge lenyewe, kuna soko la Cotebu huko Ngagara na lile la Ruvumera huko Buyenzi. Masoko ya mitaani yalizidi kuwa tegemeo la wakazi baada ya soko kuu la Bujumbura kuteketea kwa moto tarehe 27 Januari 2013. Kulinganisha bei za masoko mawili kuna maana iwapo tu tofauti inazidi nauli ya kwenda na kurudi.

Majira nayo yana sauti yake. Maharage hushuka bei baada ya mavuno, hasa mwezi Juni na Julai, kisha tena kuelekea Januari. Chumba kinachoweza kununua akiba ya wiki kadhaa wakati huo hujinunulia utulivu. Maharage yaanikwe vizuri, yatiwe ndani ya dumu kavu, yajazwe hadi juu na kufungwa kabisa, ili fukusi wasipate hewa.

Mkaa, umeme na maji

Gharama inayosahaulika zaidi ni ya moto wa kupikia. Wanafunzi wanne wenye majiko manne huchoma mkaa mara nyingi zaidi ya wenye jiko moja, ingawa wanakula kiasi kile kile. Maharage yaliyolowekwa usiku kucha huiva haraka, na yakipikwa ya siku mbili kwa pamoja huokoa mkaa zaidi. Kwa kuwa hakuna jokofu, ya siku ya pili hayana budi kuchemshwa upya asubuhi na jioni.

Umeme wa mita za kulipia kabla za shirika la REGIDESO una fadhila moja: mtumiaji huona unavyopungua. Ugomvi wa chumbani hutokea pale ambapo mmoja ana pasi au hita ya maji na wengine wana taa tu. Mapatano kuhusu nani anachangia nini yaandikwe mwanzoni, wakati wote wangali wanacheka pamoja.

Safari ya chuoni

Mwezi Machi 2022 mamlaka zilizuia pikipiki za abiria, bajaji na baiskeli kuingia katikati ya mji wa Bujumbura. Kisha uhaba wa mafuta ya gari ukaja na foleni ndefu za kusubiri mabasi. Kwa mwanafunzi, nauli imekuwa gharama isiyotabirika: siku ambayo basi halipo, hulipa zaidi au hutembea.

Ushauri wa busara ni kuzipanga safari kwa ratiba ya masomo badala ya siku za wiki. Siku za mtihani na za mazoezi ya maabara ziwekewe nauli kamili ambayo haiguswi kwa jambo lingine. Siku nyingine mtu aweza kutembea pamoja na wenzake asubuhi na kulipia kurudi tu. Anayechagua chumba kipya naye afanye hesabu hiyo mapema, kwani chumba cha bei nafuu kilicho mbali na chuo chaweza kugeuka kuwa ghali ifikapo mwisho wa mwezi.

Mahali pa kujisomea pia ni sehemu ya bajeti. Centre Jeunes Kamenge, kituo cha vijana kilichoanzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1990 na kupewa tuzo ya Right Livelihood mwaka 2002, kinajulikana kwa maktaba na shughuli zake kwa vijana wa mitaa ya kaskazini. Maktaba iliyo karibu na chumba humwondolea mwanafunzi safari ya mjini.

Akiba haiozi?

Wahenga walisema akiba haiozi. Akiba ya faranga zilizofichwa chini ya godoro, hata hivyo, huoza polepole, kwa sababu kila mwezi hununua kidogo zaidi ya mwezi uliopita. Mwezi Juni 2023 Wabarundi walipata somo jingine pale Benki Kuu ilipoondoa katika mzunguko noti za faranga 5,000 na 10,000 za toleo la mwaka 2018, na kuwapa wananchi siku chache tu za kuzirejesha. Waliokuwa wameficha noti nyumbani walilazimika kukimbilia foleni za benki.

Akiba ya mwanafunzi basi igawanywe mafungu matatu. Fungu la kwanza liwe vitu: maharage, mchele, sabuni. La pili liwe kwenye akaunti ya benki au ya simu, kwa ajili ya ugonjwa na nauli ya dharura. Kila utoaji wa fedha kwa simu una ada yake, kwa hiyo kutoa mara moja kwa wiki ni afadhali kuliko kutoa kila siku. La tatu laweza kuwa mchango wa kikundi cha kuchangiana kwa zamu, kiitwacho upatu kwa Kiswahili na ikirimba kwa Kirundi. Kikundi kizuri ni kidogo, cha watu wanaoonana kila siku, na zamu zake zinajulikana tangu siku ya kwanza.

Deni linaloonekana na lisiloonekana

Mwaka 2017 serikali ya Burundi ilibadili ruzuku ya wanafunzi kuwa mkopo, unaojulikana kwa Kifaransa kama prêt-bourse, ambao mhitimu hutakiwa kuurejesha. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Burundi waligoma mwezi Machi mwaka huo wakiupinga, lakini mfumo ulibaki. Kwa sababu hiyo, fedha hizo zisihesabiwe kama kipato. Kila faranga inayotumiwa leo ni ya mtu mwingine, yaani mwanafunzi huyo huyo wa miaka ijayo.

Deni la pili limo katika daftari la mwenye duka. Lina msaada wake wakati wa dhiki, mradi liwe na kikomo kisichozidi matumizi ya siku tatu, na lilipwe mara fedha zinapofika. La tatu ni hatari zaidi: deni kwa mtu anayekopesha bila kuandika chochote na anayetarajia kulipwa kwa njia asiyoitaja. Wasichana wanaosoma mbali na nyumbani ndio hunaswa zaidi, na kinga yake kubwa ni zile siku kumi za ziada katika mwezi wa siku 40.

Nini kikatwe kwanza

Wiki ikiwa ngumu, mpangilio wa kupunguza uwe umeamuliwa mapema, kwa sababu tumbo lenye njaa haliamui vyema. Vya kwanza kupunguzwa ni mishikaki na vinywaji vya jioni, kisha vifurushi vya intaneti, kisha nguo. Fotokopi za masomo zaweza kununuliwa nakala moja kwa watu wanne. Michango ya harusi na misiba ni wajibu wa utu, lakini hata wajibu una kipimo. Mwanafunzi anayechangia kidogo na kuhudhuria mwenyewe hajavunja heshima.

Visivyokatwa ni chakula cha msingi, sabuni, taulo za kike, dawa na nauli ya mtihani. Chandarua nacho kimo katika orodha hiyo, kwani malaria moja humeza akiba ya wiki kadhaa pamoja na siku za darasani ambazo hazirudi. Na mwanafunzi anayeona kwamba hata hivyo vya msingi havitoshi, awaambie mapema wazazi na wenzake wa chumbani. Chungu cha watu wanne huweza kumlisha mmoja aliyeishiwa kwa wiki moja, iwapo wenzake wamejua kabla hajaanza kulala njaa.